Dunia Isiyo na Uchovu

Siku yangu huanza na dagaa. Jua likichomoza pale Masese, kando ya ziwa huku Jinja, mimi na mama tunakuwa tumeshatandaza nyavu chini na kumwaga dagaa juu yake. Ninawageuza kwa reki ili wakauke pande zote, huku nikiwafukuza korongo wanaoiba bila haya. Ndipo ninaoga, ninavaa sare na kwenda shule, na nikirudi jioni ninawakuta dagaa wananisubiri. Naitwa Shakirah. Mwaka jana, nikiwa darasa la sita na umri wa miaka kumi na miwili, nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Sisemi kwamba mama alinionea. Yeye alichoka kuliko mimi, ila hakuwa na wa kumwambia.

Jumanne moja Mwalimu Wanyera, anayetufundisha sayansi, alitueleza kwamba wataalamu wa nyota wamegundua maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine, mbali sana na jua letu. Baadhi yazo zina ukubwa unaokaribia ule wa dunia yetu.

"Zina watu, Mwalimu?" mtu akauliza.

"Bado hakuna anayejua."

Darasa likawaka moto. Sheryl, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, alisema Biblia inataja dunia moja tu. Wazazi wake ni Wakenya, na mama yake hununua dagaa kwetu na kuwapeleka Bungoma. Mimi nikadakia kwamba Kurani inasema vingine, ingawa kwa kweli sikujua inasema nini. Wengine wakapiga kelele kwamba hata kuuliza ni dhambi.

Mwalimu Wanyera akagonga meza. "Basi! Kila mmoja amwendee mtu mzima wa dini yake, amuulize kama kuna dunia nyingine kama hii yetu. Kesho mniletee jibu na jina la aliyelitoa. Mwenye jibu zuri ataisemea shule yetu kule Mbale nilikozaliwa, kwenye mashindano ya Jumamosi ya wiki ijayo."

Mtu wa kumwuliza nilikuwa naye. Sheikh Shakul ndiye aliyetufundisha madrasa, mzee mwenye goti bovu na sauti ya kukwaruza. Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha sana. Ukimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua imenyesha Bugembe, atakuuliza, "Umepata kwa nani?" Ukisema umepata kwa kaka yako, atauliza, "Na yeye kapata kwa nani?" Hakuachi mpaka ufike kwa mtu aliyelowa mvua yenyewe. Alisema ndivyo wanavyuoni wa zamani walivyoyalinda maneno ya Mtume yasichafuliwe.

Jioni ile nilikusudia kwenda kwake. Lakini mawingu yalitanda juu ya ziwa, na mama akaita, "Wewe Shakirah, kuja mbio! Mvua iko inakuja, na mukene bado iko chini!" Mukene ndilo jina letu la dagaa. Tuliwazoa na kuwajaza maguniani, tukawafunika kwa turubai. Kisha nikaketi juu ya gunia moja nipumzike kidogo tu. Nilipoamka, adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Kwa Sheikh ni mwendo wa kupanda mlima, na miguu yangu ilikataa.

Kesho yake Sheryl alisimama kwanza. "Mama aliuliza pasta wetu. Pasta amesema, kama Mungu aliumba dunia zingine, hakuhitaji kutuomba ruhusa. Sisi tuchunge hii tuliyopewa."

Darasa lilicheka na kupiga makofi. Kisha Mwalimu akanitazama mimi. Ningeweza kusema, "Nilichoka, sikwenda." Maneno mawili tu. Badala yake nilifungua mdomo na kusema lile nililokuwa ninaliwaza kila asubuhi nikiwa na reki mkononi.

"Sheikh Shakul aliniambia kwamba ipo dunia nyingine kama yetu, ina maziwa na milima. Lakini watu wa huko hawachoki. Mgongo hauwaumi. Dagaa wanakauka bila kugeuzwa. Na Mungu huwapeleka huko wale waliochoka sana hapa."

Wenzangu wote waligeuka kunitazama. Mwalimu akasema, "Shakirah, wewe utakwenda Mbale."

Nilifurahi, tena nilifurahi sana. Uongo ule ulikuwa mtamu hata mimi nikaanza kuuamini.

Wiki moja baadaye, alasiri, nilikuwa ninageuza dagaa nilipomwona Sheikh akija taratibu na fimbo yake, akisimama kila hatua chache kulisugua goti. Kanzu ilikuwa imejaa vumbi hadi kiunoni. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavuta pumzi kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Nimechoka, binti yangu. Tangu asubuhi nafuata maneno." Akaonyesha njia aliyotoka. "Bibi Nakisige, yule mbeba magunia, alikuja kwangu akilia kwa furaha. Anasema mimi nimetangaza dunia ambayo watu wake hawachoki. Anauliza yeye ataenda lini. Nikamuuliza, umepata kwa nani? Akasema kwa Mama Nabalayo, wakati anamfungia magunia. Nikaenda kwa Nabalayo. Yeye kapata kwa binti yake, Sheryl. Nikaenda kwa Sheryl. Yeye kapata kwako." Akanielekezea fimbo yake. "Na wewe, Shakirah, umepata kwa nani?"

Reki ilinitoka mkononi. Mnyororo wote ulikuwa umefika miguuni pangu, na pete ya mwisho ilikuwa yeye mwenyewe.

"Kwako, Sheikh," nikanong'ona.

"Kwangu? Mimi nilisema lini?"

Nikaanza kulia. Nilimweleza yote: mvua, magunia, usingizi. Hakunikemea, na hilo liliniuma zaidi.

"Wazazi wamewatoa watoto madrasa," alisema polepole. "Wanasema nimezeeka, nazua mambo yasiyo katika dini. Ijumaa wazee wa msikiti wameniita nijieleze. Miaka thelathini nafundisha watoto waulize neno limetoka kwa nani, na leo neno la uongo linatembea na jina langu."

Mama alikuwa amesikia kila kitu. "Banange! Jamani, Shakirah!" alisema, akajifuta mikono. "Funika mukene. Twende tukarudishe hayo maneno."

Tulianza kwa Sheryl. Alinitazama kwa uchungu, akasema, "Nilikuamini, wewe." Mama yake, Nabalayo, alitikisa kichwa tu. Miguu iliniwaka moto, lakini mama hakuniruhusu kuketi. Mwisho tukafika kwa Bibi Nakisige. Yeye ni mjane aliyebeba magunia ya watu tangu ujana wake mpaka mgongo ukapinda.

"Jaja, bibi yangu, nisamehe," nilisema. "Sheikh hakusema vile. Nilitunga mimi."

Aliweka mikono yake mikavu mapajani. Uso wake ulisawijika, na mpaka leo nikiukumbuka ninaona haya.

"Bambi, maskini mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nishaanza kupumzika."

Ijumaa baada ya sala nilisimama mbele ya wazee wa msikiti, mama akiwa kando yangu, nikakiri, nao wakamtaka Sheikh radhi. Nilikuwa nimeshamwambia Mwalimu Wanyera pia, nikamwomba ampeleke Sheryl. Alifikiri, kisha akasema, "Atakwenda Sheryl, na wewe utakwenda. Yeye atasema la pasta wake. Wewe nenda kwa Sheikh, mara hii kwa miguu yako, ukaniletee jibu la kweli."

Nilikwenda jioni ya Ijumaa ile ile. Niliketi mkekani mbele yake, nikauliza, naye akajibu. Kesho yake tulikuwa Mbale, katika ukumbi uliojaa wanafunzi chini ya mlima Wanale. Sheikh alikubali kusafiri nasi, akaketi mstari wa nyuma na fimbo yake. Sheryl alisema vizuri. Zamu yangu ilipofika, nilipanda jukwaani.

"Wataalamu wa nyota wameona sayari nyingi," nilisema. "Kama kuna yenye watu, hawajui bado. Na Sheikh wangu anasema hivi: katika sala za faradhi peke yake, Mwislamu kila siku husema mara kumi na saba, 'Mola wa walimwengu wote.' Hatusemi ulimwengu mmoja. Kwa hiyo yeye hafungi mlango. Lakini huko nje kuna nani, na kama wanachoka au hawachoki, anasema hajui. Mungu ndiye ajuaye. Na mimi pia sijui."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote. Mwamuzi mmoja aliinua kalamu. "Sheikh yupi? Umepata kwa nani?"

"Kwa Sheikh Shakul wa Masese," nilijibu kwa sauti, "kutoka mdomoni mwake, nikiwa nimeketi mbele yake."

Kule nyuma, mzee aliinua fimbo yake juu kidogo, akaishusha.

Hatukushinda. Kikombe kilichukuliwa na shule nyingine, na Sheryl akapata nafasi ya tatu. Wakati wa kurudi Jinja wenzangu walisinzia, na Sheikh aliketi karibu nami akisugua goti lake.

"Uchovu si dhambi, binti yangu," alisema. "Mimi nimechoka, mama yako amechoka, Nakisige ndiye amechoka kutushinda. Ukichoka, sema umechoka. Usipojua, sema hujui. Lakini usiweke maneno mdomoni mwa mtu mwingine. Utapumzika wewe siku moja, na yeye ndiye atakayebaki kuyabeba."

Siku hizi, nikishageuza dagaa wetu, ninapita kwa Bibi Nakisige na kumbebea gunia moja kabla ya kwenda shule.