Chumvi Chini ya Nguzo ya Muang Ngat

Waliokuwepo penye nguzo ya nchi asubuhi ile ni hawa: Cam Oi, mtawala mpya aliyewekwa na Wafaransa; kapteni wa Kifaransa, juu ya kiti alichobebewa; Luong Hia, kuhani wa Muang Ngat; na Pang, mke wa Cam Ing, kaka yake Oi, mtawala halali ambaye Wafaransa walimpeleka kifungoni kisiwani. Wengine walikuwa wanakijiji waliokuja kula nyama ya nyati wa sherehe ya nguzo ya kila mwaka. Jua lilikuwa zuri, na wali wa kunata ulikuwa umeiva.

Roho ya nchi hukaa ndani ya shati la mtawala, kikapuni, chini ya nguzo. Shati halitolewi mwenyewe akiwa hai. Akifa, shati huchomwa, na la mrithi huwekwa mahali pake. Kapteni alikuwa amesema Cam Ing amekufa.

"Nani alimzika?" Pang aliuliza.

"Shemeji," Cam Oi alisema akicheka, "Mfaransa ana waya unaozungumza kutoka baharini. Wewe una nini, ndoto? Hebu shusha hilo fundo la nywele. Mjane hafungi nywele utosini."

Watu wakacheka kidogo, huku wakimtazama kapteni.

"Babu Hia," Pang akanong'ona, "soma miguu ya kuku kwanza."

Kuku akachinjwa, miguu ikachemshwa. Mzee alivitazama vidole kwa muda mrefu. Pang naye aliviona. Vilikuwa vimekunjuka vyote, ishara ya mtu aliye hai.

"Usiniulize, mjukuu wangu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Wanangu wanabeba mizigo ya kapteni."

Akalitia shati motoni.

Lilishika upesi. Mkono mmoja wa shati ukainuka. Upepo haukuwepo. Kisha moto ukazimika. Shati lilikuwa limelala majivuni, limelowa chepechepe.

Pang aliligusa. Akalamba kidole.

Chumvi.

Kule milimani chumvi ilikuwa ya kununua serikalini, na bahari hakuna aliyepata kuiona.

"Nani kamwaga maji?" kapteni akauliza kwa Kifaransa. Cam Oi hakumtafsiria. Alikuwa ameacha kucheka.

Pang hakulishusha fundo la nywele. Alisubiri. Mvua zilipokwisha, Quang Phan, aliyefungwa pamoja na Cam Ing, akarudi kutoka kisiwani, hana jino hata moja, akaketi penye meko ya Pang.

"Alikuwa mzima, dada. Tulikuwa tunavunja mawe. Akaniambia, 'Leo kwetu wanakula nyati, na mimi nimepewa samaki mwenye mabuu.' Tukacheka. Mara akajishika kifua, akasema anaungua. Moto haukuwepo, dada. Akakimbilia baharini."

Pang akalishusha fundo.

Chini ya nguzo ile chumvi nyeupe hutoka ardhini mpaka leo. Nyati huenda kuilamba. Watu hawaigusi, hata waliokosa chumvi kabisa.

Cam Ing, mwana wa Cam Phia, alikufa maji siku ile ya sherehe.