Laki Nne na Nusu za Zenon

"Mkono huu nani anaunyoosha kila siku?" Coleta aliuliza, ameshika vidole vya Mzee Maganga vilivyojikunja.

"Daktari Zenon," Kabula, binti wa mzee, alijibu. "Jumanne na Ijumaa."

"Siulizi huyo. Nauliza ninyi wa hapa nyumbani."

"Sisi alitukataza. Alisema tukimgusa tutaharibu mishipa."

Coleta akaulaza mkono wa mzee mapajani. Yeye na Zenon walifanya kazi chumba kimoja hospitalini, wote wataalamu wa mazoezi ya viungo. Leo alikuja kumshikia zamu, maana Zenon alikuwa ameteremka kijijini kwao Wampembe kuwachukua wajomba zake. Jumamosi walikuwa wanaleta mahari ya Kabula, mchumba wake.

Akamvuta Kabula nje, kwenye baridi ya mtaa wao wa Malangali.

"Mdogo wangu, mgonjwa wa kiharusi hufanyishwa mazoezi kila siku, tena na ndugu zake. Tunawafundisha siku ya kwanza kabisa. Miezi ile ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ninyi mna mingapi?"

"Minane."

"Basi mguu tutauhangaikia. Mkono... sikudanganyi."

Kabula akaanza kupiga hesabu. Kila Zenon alipokuja alilipwa elfu ishirini. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kule Muze ili wamlipe, na hata baada ya uchumba mzee aligoma kutibiwa bure. "Bado hajawa mkwe," alisema. "Kazi ya mtu ilipwe."

Kabula akamtumia Zenon meseji: "Kwa nini ulitukataza kumnyoosha baba?"

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Coleta kakwambia nini? Nisubiri nije. Usimwambie mzee chochote, nakuomba mpenzi."

Kuanzia hapo alijua. Mtu asiye na kosa haombi watu wanyamaze.

Zenon alifika Alhamisi mchana, viatu vimejaa vumbi. Walikaa nyuma ya nyumba.

"Kabula, nisikilize kwanza."

"Ulijua mkono utakauka?"

"Baba yako alitaka ng'ombe wanane. Wanane! Sisi Wafipa ni watu wa ulezi na mahindi, ningewatoa wapi? Na mshahara wangu unaujua."

"Laki nne na nusu."

"Hapo kuna kodi. Kuna ada ya mdogo wangu. Kuna mama. Ikifika tarehe kumi na tano nakopa dagaa dukani, na njiani watu wananiita daktari wananiomba niwasaidie."

"Nilitaka nimweleze baba kuhusu mshahara huo. Ukaniambia nitakuaibisha."

"Ningeonekana mtu gani? Msukuma gani angenipa binti yake?"

"Kwa hiyo ukaona bora umwibie mgonjwa."

"Mkijua kumfanyisha wenyewe, mngeniita mara mbili kwa wiki? Nilijisemea mahari ikikamilika kwa hela hiyo nitawafundisha. Sikujua mkono utakakamaa haraka hivi." Alikuwa analia. "Kabula, nilikuwa nakutafuta wewe."

Na balaa lenyewe ni kwamba alisema kweli. Kabula alimpenda mwanamume huyu, na alimpenda hata pale, akimwona kamasi zinamtoka. Mapenzi hayatoki mwilini kwa sababu umeyafukuza.

"Jumamosi mwambie baba mwenyewe," alisema. "Ukisema, nitajua la kufanya na moyo wangu. Usiposema, nitasema mimi."

Jumamosi wajomba walifika na ng'ombe watatu, watano wakabaki ahadi. Mzee Maganga alikaa kwenye kiti, kavaa koti lake la harusi za watu, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa na furaha ambayo Kabula hakuiona tangu augue.

"Mkwe," alisema, maneno yakitoka taratibu, "kwetu kitu cha heshima hupokewa kwa mkono wa kulia. Huu wangu utaamka lini?"

Watu wakacheka. Zenon akamtazama Kabula. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa, ilibaki kuingia tu.

"Kidogo kidogo, baba," akasema. "Tunaendelea na mazoezi."

Baba mdogo Christopha akamgeukia Kabula, kama desturi inavyotaka. "Haya binti, wageni unawafahamu? Tupokee?"

"Nawafahamu. Msipokee."

"Unasemaje?"

"Ng'ombe hao baba ameshawalipia, baba mdogo. Amewalipia kwa mkono wake."

Akaeleza yote, hakupaza sauti. Zenon hakukanusha hata neno moja. Mjomba wake mkubwa alivua kofia, akajifunika nayo uso. Kisha wakainuka, wakawaswaga ng'ombe wao, wakaondoka bila kuaga.

Watu wote walipotawanyika, Mzee Maganga akamwita Kabula.

"Mshahara wake ni shilingi ngapi?"

"Laki nne na nusu, baba."

"Kwa wiki?"

"Kwa mwezi."

"Mimi nilijua daktari ni mamilioni." Alivuta pumzi. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba. Alinikataza kusema."

Mzee aliangalia njia waliyoondokea wageni.

"Mngeniambia tu, mwanangu. Yule kijana nilimpenda. Ningekuoza hata kwa ng'ombe mmoja."

Kabula alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akalia kwa sauti.