Sensa ya Nne

Jumamosi ya gulio pale Katoro, Donatus alikuwa akipenya kwenye maduka ya vifaa vya umeme alipomwona dada mmoja wa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, akigeuzageuza boksi jeupe la king'ora, uso umekunjamana.

"Dada, hiyo risiva haisomi sensa za nje," alimwambia. "Utaifunga, mwizi atapita, yenyewe kimya."

"Na wewe nani? Mwizi?"

"Fundi. Donatus."

Dada akacheka, na Donatus akawa ameshanasa. Jina lake Limi, msimamizi wa yadi ya kusaga mawe ya dhahabu huko Rwamgasa. Tajiri wake alitaka sensa nne, moja kila upande wa ukuta, mtu akikatiza tu king'ora kilie kwa mlinzi.

Jumatatu Donatus akaenda. Risiva aliifunga kwenye kibanda cha mlinzi, Mzee Bujiku, akamwonyesha Limi kitufe cha kubonyeza ili iitambue kila sensa. Yeye akatoka kwenda kupita mbele ya sensa, simu sikioni.

"Imelia?"

"Imelia. Tembea vizuri basi, mbona kama bata?"

"Kumbe unanichungulia!"

"Nakuona dirishani. Hilo shati limekukaa."

Ikawa hivyo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, nyuma kabisa ya yadi, Donatus akaingiwa na ujinga. Akimaliza leo, atarudi kwa sababu gani?

"Ya nne nimeshamaliza mwenyewe," akasema. "Acha kubonyeza."

Alipanga arudi wiki hiyohiyo kwa kisingizio cha ukaguzi, aiunganishe kimyakimya, kisha anywe soda na Limi. Wala haikuhitajika. Limi alimpigia jioni ileile bila sababu yoyote, wakaongea mpaka salio likaisha. Wiki haijapita wakawa wanaitana mpenzi. Mara mbili Donatus alifika yadini kuirekebisha ile sensa, na mara zote mbili Limi hakumwachia upenyo hata wa dakika moja. Kusema ukweli ndiyo kabisa, ulimi ulikuwa mzito.

Jumapili ya nne, watu wakiwa kanisani, wezi waliruka ukuta wa nyuma wakabeba viroba kumi na viwili vya mawe. Risiva haikulia.

"Yule mzee kaizima!" Limi alifoka kwenye simu. "Amekula njama nao. Nimewaambia polisi sensa zako ni nzima, nimesaini maelezo. Si ni nzima, mpenzi?"

"Nita... nitakupigia."

Hakupiga. Siku mbili alikaa, akasimama, akatoka, akarudi. Simu ya Limi iliita mara kumi na moja, akaitazama tu. Ukaja ujumbe: *Kama umepata mwingine sema, usinizungushe.* Laiti ingekuwa hivyo! Mzee wa watu yuko mahabusu kwa sababu yeye alitaka soda.

Jumatano asubuhi akawasha pikipiki. Limi alimpokea getini, macho mekundu.

"Umekuja kunitajia jina lake?"

"Sensa ya nne sikuiunganisha," Donatus akasema hata kabla hajashuka. "Niliiacha ili nipate sababu ya kurudi kwako. Mzee hana kosa."

"Ningekupigia tu, mjinga wewe!"

"Sasa najua."

"Hujui! Mimi nimesaini kwamba baba wa watu ni mwizi. Kwa sababu nilikuamini."

Wakaenda kituoni, maelezo yakaandikwa upya. Tajiri akampiga Donatus marufuku kukanyaga tena yadini kwake. Mchana Mzee Bujiku akaachiwa, akapanda gari kwenda kwake Ushirombo, hakumuaga mtu.

"Nipeleke," Limi akasema, akapanda nyuma ya pikipiki. Njia nzima hakumshika.

Walimkuta mzee ameketi mlangoni, mkewe akipepeta mchele.

"Shikamoo, baba," wakasema pamoja.

Mzee hakuitikia. Alimtazama Donatus, akamgeukia Limi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Huyu nani yako, mayu?"

Donatus akainamisha kichwa. Alingoja kuitwa fundi, au mtu tu, na aliona amestahili.

"Mchumba wangu, baba," Limi akajibu, akipiga magoti vumbini. "Yeye ndiye aliyekosa, na mimi ndiye niliyekusingizia. Tumekuja wote."

Donatus akashuka chini kando yake, hajui kama alie au acheke. Mzee akatazama mchele ukipepetwa.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Mama, waletee vigoda."