Waya Uliokwepa Mita

Mwendesha mtambo alikuwa amelala kifudifudi kando ya jenereta, amekufa, na kikombe chake cha chai bado kimesimama wima mezani. Beringi inayoshikilia shafti, mhimili unaozunguka, ilikuwa imepasuka, kipande cha chuma kikampiga kisogoni.

"Uzembe wa marehemu, afande," meneja wa kituo alisema, akimkabidhi Inspekta ripoti iliyokwisha kupigwa muhuri. "Alisinzia."

"Baba watoto asinzie kazini?" mjane wa marehemu alimfokea meneja kutoka mlangoni. "We baba, huna hata haya? Hata hajazikwa!"

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa. Kwenye shafti ya jenereta kulikuwa na brashi ndogo ya kaboni. Kazi yake ni kuukusanya umeme uliopotea njia na kuuteremsha ardhini kupitia mita. Umeme huo ukipanda, huenda beringi imeanza kuliwa, na king'ora hulia.

Maiti ilipogeuzwa, chini ya kifua kulikuwa na daftari. Kila siku namba moja ya mita, kwa mwandiko wa taratibu. Mbili. Tatu. Saba. Kumi na moja. Kisha siku tisa mfululizo, sifuri. Kando ya kila sifuri: *Nimemwambia meneja.*

"Huyu ndiye aliyesinzia?"

"Mita ilikuwa mbovu."

Inspekta alimulika ndani ya kabati la mita. Waya mwekundu, mpya, ulitoka kwenye brashi ukashuka moja kwa moja ardhini, ukaikwepa mita. Skrubu zake hazikuwa na chembe ya vumbi.

"Kabati hili lina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Anao nani?"

Meneja alipeleka mkono kiunoni, akauondoa upesi. Ufunguo ulikuwa unaning'inia hapo hapo.

"King'ora kingelia, tungezima mtambo!" meneja aliropoka. "Zilibaki siku tatu tu, afande!"

Alielekeza kidole ukutani. Ubao ulisomeka: SIKU BILA KUZIMA MTAMBO – 97. Siku ya mia, wakubwa wangekuja kumvika nishani.

"Mashine ililalamika, ukaiziba mdomo," Inspekta alisema, pingu mkononi. "Mtu akalalamika mara tisa, ukamwacha akae hapo hapo. Alipokufa ukamwita mvivu. Kwa ajili ya nishani!"

Akamgeukia mjane. "Mama, mumeo hakusinzia. Nitaliandika hilo kwa mkono wangu mwenyewe."

Mpiga picha wa polisi alipomaliza na ubao, mjane aliokota kitambaa cha mumewe, akaifuta ile tisini na saba. Akachukua chaki, akaandika sifuri.