Kilomita Ishirini za Hinnerk

Jambo la kwanza lilikuwa soksi. Wiebke alikuwa na mafua, siku ya pili hajatoka kitandani, lakini baba yake alipofunua blanketi alizikuta soksi zake zimelowa matope.

"Ulitoka nje?"

"Sijatoka, baba. Nimeota tu natembea."

Eggert Thomsen akacheka. Laiti angejua! Mjane yule hakuwa na mtoto mwingine, na starehe yake ilikuwa moja tu: kukusanya beji za michezo walizotunukiwa vijana wa chama cha Wanazi. Si kwamba aliwapenda Wanazi. Babu yake mwenyewe walimfunga. Ni uchu wa wakusanyaji, Mungu awasamehe, kwao beji yenye namba mgongoni si kitu mpaka ipate kijitabu chenye namba ileile. Juma lile, kwenye gulio la vitu vya kale la Husum, alivipata vyote viwili: beji imebandikwa plasta juu ya alama iliyopigwa marufuku, kijitabu kina jina la Hinnerk Lorenzen, miaka kumi na mitano. Kukimbia, kuruka, kutupa, kote kumejazwa. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu: matembezi ya kilomita ishirini na mzigo mgongoni.

Ulimkera kama jino bovu. Usiku ule kabla Wiebke hajaanza kuugua, alitafuta wino wa kale, akaujaza kwa mkono wake: "Ametimiza."

Siku ya tatu ya mafua, adhuhuri, nyumba ikaanza kunuka jasho na ngozi iliyolowa. Kisha vishindo vya buti vikasikika chumbani juu, na Eggert alipopanda ngazi mbio alimkuta mwanawe anatembea papo hapo, macho wazi hayaoni, nyayo zinachuruzika damu, mgongo umepinda kama aliyebeba gunia, na hata alipombeba miguu iliendelea kupiga hewani, na sauti nzito ya mvulana ikatoka kinywani mwa binti wa miaka kumi na mmoja ikisema, "Sijafika."

Daktari akamdunga sindano ya usingizi. Alilala huku anatembea. Baada ya siku nne alikuwa mifupa mitupu, na daktari hakuthubutu tena kumtazama Eggert usoni.

Ndipo Eggert, kijitabu mkononi, akamwendea Bibi Telse, ajuza anayeondoa chunjua kwa kunong'ona, ambaye wanakijiji humcheka wakiwa wazima na kumkimbilia wakiugua. Ajuza akakishika kijitabu, akakidondosha.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, bibi."

"Mpumbavu wewe! Mtoto wa watu alifia njiani, beji wakampelekea mama yake. Amejilalia zake, wewe unaandika kwamba amefika. Sasa afike kwa miguu ya nani?"

"Nitayafuta maandishi! Nitachoma vyote!"

"Choma uone. Umeshamwamsha, na sasa anataka mtu wa damu yako." Akashusha sauti. "Kumtoa kwa mtoto naweza. Kumwambia pa kusimama siwezi. Aliyefia njiani hajui njia inaishia wapi."

"Anichukue mimi," Eggert akasema. "Nakusihi, bibi. Sina mwingine ila huyu."

Akajaza matofali kwenye mkoba, akashika njia juu ya tuta la bahari, ukungu umetanda mchana kweupe. Nyuma yake buti zikamfuata, hatua kwa hatua, zikamkaribia, zikamfikia, mpaka hakuzisikia tena nyuma bali ndani ya viatu vyake mwenyewe, na mkoba ukawa mzito kuliko matofali aliyoyatia. Akazunguka kijiji chote. Kilomita ya ishirini ikamleta mbele ya lango lake.

Wiebke alikuwa dirishani jikoni, mashavu yamepata rangi, anakula mkate na siagi, Bibi Telse kasimama nyuma yake. Eggert akalia kwa furaha. Akalikamata lango kwa mikono miwili. Miguu haikusimama. Vidole vikateleza kimoja kimoja.

"Baba! Mbona unapita nyumbani?"

"Kula, mwanangu," akajibu bila kugeuka, kwa kuwa shingo nayo haikumtii tena. "Bibi Telse, funga mlango. Asinifuate."

Mlango ukafungwa.