Ukurasa Aliousoma Flavia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Flavia alifagia sebule na kupanga viti. Baba yake, Emilian, ambaye alikuwa seremala katika mtaa wa Isevya, wakati huo alikuwa amekaa dirishani akiandika kwenye daftari lake jeusi. Tabia hiyo alirudi nayo kutoka kwenye mafungo, siku za sala na ukimya, ya wanaume wa parokia, yaliyofanyika Kipalapala. Padre aliyewaongoza aliwaambia kwamba wanaume wengi huzoea kunyamaza hata mbele ya Mungu. Kwa hiyo kila mmoja aandike sala yake kila siku, bila kupamba maneno. Wenzake wengi waliacha baada ya wiki mbili. Emilian hakuacha. Aliandika, akafunga daftari, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akanywa uji.

Pale nyumbani hakuna aliyeligusa daftari hilo.

Jumanne moja, mteja alipiga hodi kuulizia kitanda chake. Baba akatoka haraka, daftari akaliacha wazi juu ya kiti. Flavia alipokaribia na ufagio aliliona jina lake limeandikwa pale. Badala ya kuangalia pembeni, akasoma.

"Bwana, leo nimekohoa damu tena. Hii ni wiki ya tatu. Naogopa kwenda hospitali, naogopa watakachoniambia. Nisaidie Mektilda na Flavia wasijue."

Mektilda ni mama yake. Flavia aliliacha daftari kama lilivyokuwa. Alimaliza kufagia bila kujua anafagia nini, akaondoka hata uji hakuugusa.

Darasani Mwalimu Twalibu alimwita mara mbili.

"Flavia, uko wapi leo?"

"Nipo, mwalimu."

Hakuwapo. Alikuwa akiwaza damu.

Jioni Baba alikohoa, akageukia ukutani na kuziba mdomo kwa leso.

"Baba Flavia, kikohozi hicho kimezidi," Mama alisema.

"Ni vumbi la mbao tu. Mninga una vumbi kali."

Kisha akampakata Modest, mdogo wake Flavia mwenye miaka miwili, akamnywesha chai katika kikombe chake mwenyewe. Flavia aliwatazama, uso wa Modest ukiwa karibu kabisa na mdomo wa Baba. Katika darasa lao la sita walikuwa wamefundishwa dalili za kifua kikuu, na jinsi mgonjwa anavyoweza kuwaambukiza watu anaoishi nao anapokohoa. Je, amwambie Mama? Baba angejua daftari lake limesomwa. Je, anyamaze? Basi Baba angezidi kuumwa, na Modest angeendelea kulala chumba kimoja naye.

Siku mbili zilipita hivyo. Flavia hakumaliza chakula chake. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana malaria.

Ijumaa, baada ya masomo, Flavia hakwenda nyumbani. Alikwenda karakana. Baba alikuwa peke yake, akipiga randa ubao, maranda yakimwangukia miguuni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona huku? Mama amekutuma?"

"Hapana." Flavia aliweka mkoba wa shule chini. "Baba, nimefanya kosa. Nimesoma daftari lako."

Randa ikasimama.

"Umesoma yote?"

"Ukurasa mmoja. Ule wa damu."

Baba aliiweka randa juu ya ubao. Flavia alingoja afokewe, hata apigwe.

"Mama yako umemwambia?" Baba aliuliza.

"Sijamwambia. Nilitaka nianze na wewe. Lakini Baba, naogopa. Usipokwenda hospitali itabidi nimwambie."

"Nenda nyumbani," Baba alisema kwa sauti ya chini, akainamia ubao wake.

Flavia alitembea akilia, asijue kama amejenga au amebomoa. Lakini jioni ile Baba aliweka sahani yake pembeni kabla ya kula, akamweleza Mama kila kitu. Mama hakugombana naye. Alisema tu, "Kesho tunakwenda wote."

Hospitalini Baba alipimwa makohozi. Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko siku zote zilizopita. Yalipotoka, ilikuwa kifua kikuu kweli. Muuguzi aliwaeleza kwamba kinatibika, na kwamba Baba atameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Familia nzima ilipimwa pia. Mama, Flavia na Modest hawakuwa na ugonjwa, ila Modest, kwa kuwa bado mdogo, alipewa dawa za kumkinga.

Baada ya wiki tatu kikohozi kilianza kupungua, na Baba akamwita Flavia dirishani.

"Mwanangu, daftari la mtu halisomwi bila ruhusa. Usirudie."

"Sitarudia, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kosa langu ni kubwa kuliko lako. Tuliambiwa tuandike ili tuwe wakweli mbele ya Mungu. Mimi niliandika ukweli, nikafunga daftari, kisha nikawaambia ninyi kwamba kikohozi ni cha vumbi la mbao. Nilikuwa namwomba Mungu anisaidie kudanganya." Akamvuta Flavia karibu. "Wewe uliogopa kama mimi, ila ulikuja ukasema. Ukiumwa, sema mapema. Ukikosa, sema mapema. Sala haikuzuii kumwambia mtu anayeweza kukusaidia."

Jumapili iliyofuata, Baba alisimama katika mkutano wa wanaume wa parokia, akawasimulia habari hiyo yote. Jumatatu asubuhi mzee Alois, aliyekuwa akikohoa tangu mavuno, alipita nyumbani kwao kumwomba Baba amsindikize hospitali.