Lori la Wekoye na Maji ya Jumamosi

Mwaka wa 1953, Wekoye wa Bungoma aliosha lori lake kila Jumamosi jioni. Alilisugua kwa sabuni kutoka magurudumu hadi paa. Kisha alifungua boneti na kuimwagia injini ndoo nzima ya maji. Jumapili lori lilipeleka watu kanisani, na Wekoye hakutaka wapande gari chafu. Alikuwa mtu safi kupita kiasi, na alijivunia hilo.

Lakini lori lilianza ukaidi. Siku nyingi liliwaka vizuri. Siku nyingine lilikataa kabisa asubuhi, halafu mchana likawaka bila shida. Majirani walisema limerogwa. Wekoye alinunua betri mpya. Lori likakataa vilevile.

Jumapili moja lilikataa tena. Binti yake Nekoye alisimama mlangoni akitazama. Jumamosi iliyofuata angeolewa Kitale, na lori hilo ndilo lingempeleka.

"Baba, ikikataa siku hiyo?" aliuliza. "Watu wa Kitale watasema nimebadili nia."

Wekoye aliona aibu, na moyoni aliogopa.

Mkewe, Sellah, akamwita jirani yao Absalom. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Absalom alikuwa dereva wa malori ya Keya, jeshi la Waingereza. Yeye na Wekoye walitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo waliitana bakoki na kutaniana bila kukasirika.

"Bakoki, umeshindwa na chuma?" Absalom alicheka.

"Wacha mchezo, bana. Hii lori imerogwa."

"Mchawi hajui injini. Toa gia, zungusha hendeli."

Wekoye akachomeka hendeli mbele ya lori, akazungusha. Injini ilizunguka lakini haikuwaka.

"Kuzunguka inazunguka," alisema Absalom. "Basi imekosa petroli ama moto. Funga swichi."

Alilegeza bomba la petroli kidogo. Petroli ikatoka. Akalikaza tena na kupangusa.

"Petroli iko. Sasa niambie. Siku ikikataa, jana yake unakuwa umefanya nini?"

"Hakuna kitu."

"Ati hakuna?" Sellah alidakia. "Si unaosha? Hata ile Alhamisi ilikataa, Jumatano ulikuwa umetoa matope ya Kitale. Jua ikipanda, inawaka."

Absalom akatabasamu. Alifungua kikombe cheusi kando ya injini, chenye waya nene juu yake.

"Hiki ndicho kinagawa moto kwa plagi. Angalia ndani."

Kulikuwa na matone ya maji.

"Maji inaiba moto hapa, haifiki kwa plagi. Jua ikikausha, moto inarudi."

Alikausha kikombe na waya kwa kitambaa kikavu, akakirudisha bila kubadilisha nafasi ya waya hata moja. Wekoye akafungua swichi, akazungusha hendeli. Lori likanguruma.

"Kumbe mchawi ni mimi na ndoo yangu!" Wekoye alisema, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mwili wa lori osha," alisema Absalom. "Injini pangusa tu na kitambaa. Na gari ikikataa leo na ikubali kesho, usikimbilie kununua vitu. Jiulize kwanza, ni nini ilibadilika?"

Ijumaa Wekoye aliosha lori, lakini boneti ilibaki imefungwa. Lilipokauka, Nekoye mwenyewe aliifungua na kuipangusa injini.

Siku ya arusi watu wote walisogea karibu Wekoye alipoinama kushika hendeli. Alizungusha mara moja. Lori likawaka, na vigelegele vikapanda.

Sellah aliketi kando ya binti yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, si imewaka?" Nekoye alishangaa.

"Imewaka, mwanangu, na ndiyo maana nalia. Nilikuwa nataka ikatae kidogo tu, ukae na mimi hata saa moja."

Nekoye akamkumbatia kwa nguvu. Wekoye akatia gia, na lori likashika njia ya Kitale.